Tupeane uzoefu: maktaba yako ya gemu za zamani kwenye PC umeipangaje, na unaitunzaje?

Mzee wa Pikseli (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za "emuleta ipi kali" (programu za kuigiza konsoli za zamani kwenye kompyuta) zimejaa na majibu ni yaleyale: RetroArch kwa konsoli za kaseti, DuckStation kwa PS1, PCSX2 kwa PS2, Dolphin kwa GameCube na Wii, PPSSPP kwa PSP, MAME kwa mashine za akedi. Hayo tuyaache. Naomba tupeane uzoefu wa kinachofuata ukishasakinisha: faili unazipangaje, sevu zinakaa wapi, nini hugoma ukisasisha programu, na unafanyaje ili gemu uliyoiacha katikati mwaka juzi ukiifungua leo iendelee palepale.

Naanza mimi. Kwangu mali ni sevu. Gemu ukiipoteza utaipata tena, ila saa ulizozama kwenye RPG hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo nina folda moja kuu yenye matawi manne: gemu, bayosi (programu ya ndani ya konsoli yenyewe), sevu, emuleta. Chini ya gemu kila konsoli ina folda yake kwa majina mafupi ambayo ES-DE, programu ya menyu ya kuchagulia gemu, inayatambua: snes, megadrive, psx, gc. Emuleta nazo sitaki zitawanye vitu kila kona ya Windows. Dolphin na DuckStation zikikuta faili tupu iitwayo portable.txt kando ya programu, zinaweka mipangilio na sevu humohumo. RetroArch ya zipu iko hivyo tangu mwanzo. Unaingia sehemu ya Directory na kuielekeza kwenye folda yako ya sevu. Nikibadilisha kompyuta nanakili folda moja, basi.

Karibuni.

Kaseti na Vumbi

Mzee, umegusa penyewe. Mimi nitaanzia nyuma zaidi, kwenye sevu iliyo ndani ya kaseti yenyewe.

Kaseti nyingi za zamani hutunza sevu kwenye chipu inayolishwa na betri ndogo bapa. Betri ikifa, sevu imekwenda nayo. Pokémon Gold na Silver hali ni mbaya zaidi kwa sababu betri hiyohiyo inaendesha saa ya ndani ya gemu, hivyo huisha mapema kuliko za Red na Blue. Nilitafuta GBxCart RW, kifaa kidogo cha USB cha kusomea kaseti za Game Boy, nikavuta gemu na sevu vyote viwili kabla sijaigusa betri. Ile .sav, faili ya sevu, naifungua kwenye emuleta ya mGBA mpaka leo, na timu yangu ya utotoni imo yote, hata yule mnyama niliyempa jina la matusi.

Ukishavuta gemu usiiamini hivihivi. Kila faili ina heshi, namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo. Baiti moja ikibadilika, heshi nayo inabadilika. No-Intro wanatunza orodha za heshi za kaseti, Redump wanatunza za diski. Unapakia orodha yao kwenye RomVault au clrmamepro, programu inapitia folda yako na kukuambia ipi safi na ipi ina walakini. Yangu isipolingana, mara nyingi ni uchafu kwenye meno ya kaseti. Pamba na alkoholi ya isopropili, subiri ikauke, soma tena. Na tuache kupuliza kaseti jamani, pumzi ina unyevu na unyevu unakula shaba.

Kabla hujaitupa faili isiyolingana, angalia vitu viwili. Faili za SNES zilizovutwa kwa vifaa vya zamani huwa na baiti 512 za ziada mwanzoni. Gemu ni nzima, heshi tu ndiyo inatofautiana. Za N64 nazo zina mipangilio mitatu ya baiti: .z64, .v64 na .n64. Gemu ni ileile ila heshi ni tatu tofauti. Zigeuze zote ziwe .z64 upumue.

Najua kuna atakayeuliza habari ya sheria. Kesi ya Sony dhidi ya Connectix, mahakama ya rufaa Marekani mwaka 2000, iliwapa ushindi waliotengeneza emuleta kwa kuchambua bayosi. Haikuhusu kugawana gemu. Ndiyo maana mimi navuta za kwangu.

Diski Tatu

Jina langu linajieleza, Final Fantasy VII ya PS1 ina diski tatu.

Diski ya PS1 ikivutwa unapata faili .bin, moja au nyingi, pamoja na .cue. Ile .cue ni maandishi tu, ifungue kwenye Notepad uone: inataja majina ya .bin na mpangilio wa nyimbo. Ukiipa .bin jina jipya kwa sababu jina la zamani ni refu, .cue inaendelea kutafuta la zamani na gemu haiwaki. Nimesaidia watu wengi waliokuwa wanalaumu emuleta kumbe shida ni jina tu.

Dawa yangu ni kubana kila diski iwe CHD. Chombo kinaitwa chdman, kinakuja pamoja na MAME. Amri ni hii:

chdman createcd -i "gemu.cue" -o "gemu.chd"

Faili zote zinakuwa moja, nafasi inapungua, na hakuna kinachopotea kwani unaweza kuirudisha kwa extractcd. Kwa DVD za PS2 tumia createdvd, lakini zile gemu za PS2 zilizotoka kwenye CD bado ni createcd. GameCube na Wii usipeleke huko. Dolphin ina muundo wake, RVZ: bofya kulia juu ya gemu, chagua kubadilisha. Nao haupotezi kitu.

Kisha .m3u. Unaandika faili ya maandishi yenye majina ya diski, kila moja mstari wake:

Final Fantasy VII (Disc 1).chd
Final Fantasy VII (Disc 2).chd
Final Fantasy VII (Disc 3).chd

Unafungua hiyo .m3u badala ya diski ya kwanza. Faida yake kubwa ni sevu. RetroArch huipa sevu jina la faili uliyofungua, kwa hiyo ukifungua diski ya pili peke yake inaweza kukupa kadi ya kumbukumbu tupu, ukadhani umeibiwa. Kwa .m3u kadi ni moja mwanzo hadi mwisho na diski unabadilishia kwenye menyu.

Fremu Sitini

Diski Tatu, nyongeza kidogo kwa wanaoweka gemu kwenye diski ya nje: ISO ya Wii ina GB 4.7 hivi, na FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4. Tumia exFAT au NTFS.

Kijana wa Sarafu

Wadau mbona mimi kila nikisasisha MAME gemu zilizokuwa zinacheza vizuri zinaanza kulalamika faili zimepungua? Sijafuta kitu mimi.

Dada Akedi

Mdogo wangu, hujafuta kitu, na MAME nayo haijakosea.

Kuielewa MAME lazima uelewe nia yake. Tangu ilipotoka 1997 kazi yake ni kurekodi jinsi mashine zilivyofanya kazi, chipu kwa chipu. Kucheza ni matokeo. Mtu akipata bodi halisi akavuta chipu ambayo hapo awali haikuwepo, au ikagundulika kwamba nakala ya zamani ilikuwa na kasoro, orodha ya faili zinazotakiwa inabadilika. Matoleo hutoka takriban kila mwezi. Kwa hiyo toleo la MAME na seti ya faili lazima viendane. Ukisasisha kimoja ukaacha kingine, ndiyo malalamiko hayo.

Una njia mbili. Ya kwanza, chagua toleo moja, pata seti yake, usiguse tena. RetroArch ina viini (emuleta ndogo zinazoendeshwa ndani yake) vya MAME vilivyogandishwa kwa ajili hiyo: MAME 2003-Plus imejengwa juu ya 0.78, MAME 2010 juu ya 0.139. Kompyuta dhaifu inavipenda. Ya pili, kwa wenye moyo, ni kusasisha vyote viwili kwa RomVault kila toleo likitoka. Mimi nilikaa njia ya pili muda mrefu, nikaona nakagua zaidi ya ninavyocheza. Sasa hivi gemu zangu za mapigano naziendesha kwa FinalBurn Neo (FBNeo), emuleta nyingine ya akedi, na MAME naifungua kwa zile tu ambazo FBNeo haina.

Halafu usizifungue zile zipu wala usizibadilishe majina. Konsoli za kaseti ukiita faili "gemu nzuri" itacheza. Akedi haitacheza, jina la zipu ndilo kitambulisho. Gemu za Neo Geo zinahitaji na neogeo.zip iwepo. Na ukikuta gemu moja inacheza ila ndugu yake ya Kijapani inagoma, huenda seti yako ni ya kugawana: faili za pamoja ziko kwenye zipu ya gemu mama, na zipu ya mtoto ina tofauti tu. Ukimfuta mama, watoto wote wanalala. Kama unataka kuchagua gemu chache na kutupa zilizobaki, tafuta seti ambayo kila zipu inajitegemea. Inakula nafasi ila hutauliza maswali.

Kijana wa Sarafu

Asante sana dada, kumbe nilikuwa nimemfuta mama. Nahamia 2003-Plus.

Fremu Sitini

Mimi nina kinyongo na wanaokusanya kila kitu. Seti kamili ya SNES ina gemu moja mara nne: ya Japani, ya Marekani, ya Ulaya, na sahihisho lake. Unapitisha orodha mpaka kidole kinauma, unafunga, unaenda kulala. Orodha za No-Intro zinakuruhusu kuchuja ibaki nakala moja kwa kila gemu, na eneo unalolitaka unaliweka kwanza.

Mimi naweka Marekani juu, Ulaya chini, na sababu ni kasi. Televisheni za Ulaya zilikuwa Hz 50 wakati za Marekani na Japani ni 60. Gemu nyingi zilihamishiwa Ulaya bila kurekebishwa, zikawa zinakimbia polepole kwa karibu asilimia 17, muziki nao ukiburuzwa. Aliyekulia na nakala ya Ulaya akisikia Sonic kwa mwendo wake halisi anadhani imeongezwa kasi. Ila msifute za Ulaya zote kwa pupa: kuna zilizotengenezewa hukohuko kwa Hz 50, hizo ndizo sahihi.

Na kwenye picha, kabla hujasema gemu za zamani ni mbaya jaribu shedari ya CRT, kichujio kinachoigiza picha ya televisheni za zamani. Wachoraji wa Mega Drive walijua kebo za wakati ule zinachanganya rangi za jirani. Maporomoko ya maji kwenye Sonic ya 1991 ni mistari ya wima. Kwenye televisheni ya zamani yanakuwa maji ya kupenya macho, kwenye skrini ya leo yanabaki mistari kama pazia la dirishani.

Sevu Kwanza

Nimesubiri mtu aseme hili hakusema. Sevu ni za aina mbili na watu wanazichanganya.

Kuna sevu ya gemu yenyewe, ile unayoandika kwenye kijiji au kadi ya kumbukumbu. RetroArch inaiweka kama .srm. Hiyo kwa kawaida utaihamisha kwenye emuleta nyingine na itasomeka. Kuna sevu ya emuleta, inayonasa hali ya mashine nzima sekunde hiyo. Tamu, lakini imefungamana na toleo la kiini. Sasisha kiini na inaweza kukataa kufunguka. Kwa hiyo kabla ya kusasisha chochote naingia kila gemu ninayoicheza, natafuta mahali pa kusevu kwa njia ya gemu, ndipo nasasisha. Wanaowinda vikombe vya RetroAchievements (tovuti ya vikombe vya gemu za zamani) kwa hardcore, ile hali ngumu, wanajua, huko kufungua sevu ya emuleta hakuruhusiwi.

Mdogo wangu alinifundisha lingine. Kwenye RetroArch F2 inasevu hali na F4 inaifungua. Dogo alikuwa anacheza kwenye gemu yangu, kakwama, kabonyeza F2 akidhani ni menyu. Ile hali yangu ya mlangoni kwa bosi wa mwisho ikafunikwa na hali ya mtu amekaa shimoni na uhai nusu. Tangu siku hiyo nimewasha namba ya sevu ijiongeze yenyewe, kila F2 inatengeneza mpya.

Na umeme. Gemu inaweza kukuambia "imehifadhiwa" wakati .srm bado haijaandikwa kwenye diski, inasubiri ufunge gemu. Umeme ukikatika hapo hujasevu kitu. Nenda Settings, Saving, tafuta SaveRAM Autosave Interval. Ikiwa imezimwa, iwashe. Hakuna mpangilio mwingine wenye thamani kama huo kwa mtu asiye na UPS.

Mzee wa Pikseli

Sevu Kwanza, hilo la mwisho nimeenda kuangalia sasa hivi, kwangu ilikuwa imezimwa. Miaka yote hiyo! Na bakapu unafanyaje?

Sevu Kwanza

Folda ya sevu peke yake ni ndogo sana mkuu, inaingia kwenye flashi yoyote. Naisawazisha kati ya kompyuta mbili kwa Syncthing, nimewasha itunze na matoleo ya zamani ya kila faili. Sharti ni moja: funga gemu upande huu kabla hujafungua kule, la sivyo zitagongana na utabaki na nakala mbili hujui ipi ndiyo yenyewe. Gemu nazinakili kwenye diski ya nje mara chache tu, na naitumia RomVault kukagua kama zile heshi bado zinalingana. Diski ya zamani huharibu faili kimyakimya.

Kaseti na Vumbi

Kwa wanaopenda picha za majalada: ukifuata majina ya No-Intro na Redump bila kuyapamba, RetroArch inazipata yenyewe. Ukiona gemu yenye alama ya & haina picha, jina la faili ya picha linatakiwa liwe na _ mahali pa hiyo alama.

Kijana wa Sarafu

Swali la mwisho wakuu. Dreamcast nayo naweza kuibana kwa chdman? Nina .gdi na nyingine .cdi.

Diski Tatu

.gdi ndiyo, createcd ileile. .cdi achana nazo ukiweza. Diski ya Dreamcast ilibeba karibu GB 1, na .cdi nyingi zilitengenezwa ziingie kwenye CD ya MB 700, kwa hiyo kubwa zilikatwa muziki au video. Ukikuta gemu ina utangulizi bubu, ndiyo hiyo.