Mtwara: mnaojiita walimu wa mbwa, mnatuharibia mbwa kwa fimbo na pilipili

Wakuu, nimekaa siku nne nikijizuia nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, basi naandika hivyo hivyo.

Nina mbwa dume wa mwaka na nusu, chotara wa Jemani Shepadi na mbwa wetu wa kienyeji. Anaitwa Chui. Nilimchukua alinde shamba la korosho upande wa Nanguruwe, maana ikifika Oktoba, korosho zikiwa juani, wezi hawalali. Alikuwa anabweka vizuri na akiitwa anakuja. Tatizo lake lilikuwa kurukia wageni na kuvuta kamba, basi. Nikaelekezwa kwa jamaa mmoja hapa mjini anayejiita mwalimu wa mbwa. Laki mbili na nusu, wiki sita, mbwa anabaki kwake. Nikalipa yote.

Wiki ya tatu nikapita bila taarifa. Nikamkuta Chui kafungwa mnyororo usiofika mita moja, jua la saa saba, kopo la maji limekauka. Kijana wa kazi akanieleza bila kuficha: akiunguruma anachapwa, na chakulani anatiwa pilipili "apate ukali". Nikamfuata mwenye kazi. Akanijibu, "Mzee, mbwa lazima ajue bosi ni nani. Ukimbembeleza atakupanda kichwani."

Ningemtoa siku ile ile. Sikumtoa, kwa sababu hela ilishalipwa na jamaa aliongea kama anayejua. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Chui alirudi kimya. Habweki, haungurumi, mkia kaubana tumboni, ukishika ufagio anajikojolea. Watu wakasema huyu sasa kafunzwa, na mimi nikaamini. Jumamosi mtoto wa jirani, miaka saba, akaingia uani kufuata mpira, akaokota fimbo autoe uvunguni mwa benchi. Chui akamng'ata mkono. Mama yake alikuwa barazani, aliona kila kitu. Akaniambia, "Baba, hata hakuunguruma."

Angeungurumaje wakati alichapwa wiki sita aache? Mbwa haanzii kwenye kung'ata. Anageuza uso pembeni. Anajilamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi. Mwili unakakamaa, weupe wa jicho unaonekana, ndipo anaunguruma. Hayo yote anakwambia: naogopa, nipishe. Ukimchapa kwa kuunguruma, hofu yake inabaki pale pale na inaongezeka, ila wewe umejinyima onyo. Fimbo kwake sasa ni maumivu yanayokuja, hata ikiwa mkononi mwa mtoto. Na pilipili haileti ukali wowote, inamuunguza tu mnyama mdomo na tumbo.

Haya maneno ya "bosi ni nani" nimeyafuatilia yalikotoka. Yalitokana na mbwamwitu wasiojuana waliofungiwa pamoja na kutazamwa wakigombana, mtafiti Rudolf Schenkel akaandika habari zao mwaka 1947. Mmarekani David Mech, mtafiti wa mbwamwitu ambaye mwenyewe alisaidia kulieneza wazo hilo la bosi, mwaka 1999 aliandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si mbwamwitu wanaopigania ubosi. Sisi huku bado tunachapia mbwa kwa jambo ambalo wenyewe walishalirekebisha.

Tena mfano tunao nyumbani. Pale Morogoro, kwenye chuo kikuu cha kilimo cha SUA, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya anasikia mlio mdogo, "tik", anapewa ndizi. Akikosea hapati kitu, hakuna anayemchapa. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma hapo, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kuondoa mabomu yanayojulikana. Panya anaaminiwa kwenye bomu kwa kipande cha ndizi, halafu mnaniambia mbwa hafundishiki bila fimbo!

Kurukia wageni kulihitaji nini? Akiruka, mgeni anampa mgongo. Miguu yote minne ikitua chini, anapewa kipande cha dagaa na sifa. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Ndiyo ninayoyafanya sasa, nikiwa nimechelewa. Na mlinzi wa korosho mimi namtaka abweke niamke. Sijamtuma amrarue mtu.

Mtoto alioshwa kidonda kwa maji ya bomba na sabuni dakika 15, tukakimbilia hospitali, ameanza chanjo ya kichaa cha mbwa ingawa Chui kachanjwa. Gharama zote nalipa mimi. Chui yupo bandani peke yake, siku kumi za kumwangalia zinaisha Jumanne. Jamaa nilipompigia akasema mbwa wangu ana damu mbaya, akakata simu. Hela yangu naidai na sitanyamaza.

Mliopeleka mbwa kwake, hasa waliorudi kimya ghafla, msiwaache karibu na watoto wala msifurahie huo ukimya. Na mwenye kumfahamu mtu Lindi, Masasi au hapa Mtwara anayefundisha bila kupiga, aandike hapa hapa chini. Nitamfuata hata kesho.