Pangani: kwa nini mji wa misafara ya Uchagani ulidumaa?

Mwalimu_Moshi:
Wakuu, habari zenu. Naandaa ziara ya kidato cha tatu kutoka Moshi kwenda Pangani, siku mbili. Wanafunzi wanalijua jina la Abushiri, kiongozi wa vita dhidi ya Wajerumani, basi. Niwaonyeshe nini, na kwa nini mji ule ulibaki mdogo?

Mbondei_wa_Njiro:
Mwalimu, anzia mtoni. Maji yale yanatoka kwetu: Kikuletwa upande wa Meru, Ruvu upande wa Kilimanjaro, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu ndipo yateremke baharini. Misafara ya pembe za ndovu ilipandia bonde hilo hilo. Kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu, yakilimwa na watumwa. Mjini kulikuwa na majumbe (viongozi wa mji) wa Kishirazi, Wahindi wakopeshaji, na Wabondei na Wazigua wakiingia na kutoka, kila kundi na manung'uniko yake. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilipopandisha bendera yake, yote yakalipuka kwa pamoja. Tafadhali usiwafundishe kuwa ilikuwa vita ya Waarabu peke yao. Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliieleza hivyo, tena kama vita dhidi ya biashara ya utumwa, ili bunge lake litoe fedha za jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Na hili watoto wa Moshi walisikie: mwaka 1888 Hans Meyer, mpanda milima Mjerumani, alikamatwa na watu wa Abushiri, akaachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata ndipo akafika Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Reli_ya_Kaskazini:
Kuhusu kudumaa: mlango wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haziingii. Tanga ina ghuba yenye kina. Reli ikaanzia Tanga, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Mzigo wa Kilimanjaro haukuwa na sababu tena ya kupita Pangani.

Fundi_Chokaa:
Mwalimu, beba futi kamba. Kwenye nyumba kongwe wapime upana wa vyumba: ni vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo mara nyingi hazizidi mita 3. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Waonyeshe pia palipopigwa plasta ya saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta. Plasta huvimba na kubanduka, vichwa vya boriti huoza, mwisho dari hushuka. Dawa ni kuibandua yote na kurudishia chokaa.

Maziwe, kisiwa cha mchanga baharini, mwende maji yakipwa tu, yakijaa kisiwa hufunikwa. Zamani kilikuwa na miti. Ilipokwisha, mchanga ukakosa wa kuushika. Mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa bara yasizame. Muulizeni nahodha saa ya kupwa siku moja kabla, na mwongeze kama dakika 50 kwa kila siku mtakayochelewa. Kusi ikivuma sana, acheni Maziwe, vukeni mto hadi Bweni: kutoka kilimani mnaona mji wote na mlango wa mto.