Programu ya kadi inameza maandishi bila onyo, halafu waundaji wanasema kosa ni la mtumiaji

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa malalamiko na una hasira ndani yake, kwa hiyo mnivumilie.

Natengeneza kadi za mchezo. Maandishi yote nayaweka kwenye lahajedwali (kama Excel), mstari mmoja kadi moja, kisha programu inayasoma na kuyapanga kwenye kadi. Humo ndani ya maandishi ndimo zinamokaa tagi, yaani amri fupi za mwonekano zinazoandikwa ndani ya mabano yenye ncha: <b> inaanzisha herufi nzito na </b> inazimaliza, <i> ni ya italiki kwa yale maneno ya simulizi chini ya kadi, na kuna tagi za saizi, za rangi, na za kuita ikoni ya upanga au ya moyo. Leseni nimeilipia, siyo toleo la majaribio.

Sasa tazameni kanuni hii niliyoiandika kwenye kadi moja:

Mpiganaji mwenye nguvu <3 hashambulii. Badala yake <b>anavuta kadi 2</b>.

Na hiki ndicho kilichochapishwa:

Mpiganaji mwenye nguvu anavuta kadi 2.

Someni tena taratibu. Programu ilipoona alama ya "chini ya" ikachukulia kwamba tagi imeanza, ikameza kila kitu mpaka ilipokutana na mabano ya kwanza ya kufunga, yaani yale ya <b>. Ile </b> iliyobaki bila mwenzake nayo ikatupwa. Hakuna ujumbe, hakuna mstari mwekundu, hakuna hata alama ya mshangao pembeni. Kilichobaki ni sentensi safi, yenye sarufi sahihi, inayosema kinyume kabisa cha kanuni. Msomaji wa prufu hawezi kuigundua kwa sababu haina kasoro ya kuonekana. Inagundulika watu wakiwa mezani na kadi mkononi, wanabishana nani anaruhusiwa kufanya nini.

Ndiyo, kwenye HTML, lugha ya tagi ya kurasa za wavuti, alama hiyo huandikwa &lt; ili isichanganywe na tagi. Nimeijaribu. Programu inachapisha herufi zote nne kama zilivyo, na mwongozo hausemi popote namna nyingine ya kuiandika. Ina maana alama ya kawaida kabisa ya hesabu haiwezi kutumika kwenye kadi ya mchezo, mahali ambapo hesabu ndiyo mchezo wenyewe.

Niliwaandikia waundaji. Jibu: "Tafadhali hakikisha tagi zako ni sahihi." Nilipouliza nitahakikishaje wakati programu haisemi ipi si sahihi, nikaelekezwa kwenye ukurasa wa mwongozo wenye jedwali la tagi. Jedwali linasema <b> ni herufi nzito. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza! Halisemi kinachotokea tagi isipofungwa, wala tagi mbili zikipishana, wala tagi ya saizi ikikutana na mpangilio wa kupunguza herufi ili zitoshe kwenye kisanduku.

Hayo yote yanatokea, na kila moja lina tabia yake. Tagi isiyofungwa inaendelea mpaka mwisho wa kisanduku, na kwenye baadhi ya violezo inavuka hadi kisanduku kinachofuata, jina la mchoraji linatoka kwa herufi nzito bila sababu. Tagi zikipishana, kwa mfano <b><i>neno</b></i>, matokeo yanategemea ni kiolezo gani umefungua. Alama za kunukuu ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu huzioni: tagi ya saizi inataka namba iwe ndani ya alama zilizonyooka, na programu nyingi za kuandikia zinazigeuza zenyewe kuwa zile zilizopinda. Kwenye skrini zinafanana. Programu ya kadi inazikataa, inaitupa tagi, na maandishi yanatoka kwa saizi ya kawaida bila neno.

Na msiniambie kwamba hili ni tatizo gumu la kiufundi. XML, lugha ya tagi ya kuhifadhi na kubadilishana data, ilipopitishwa mwaka 1998 ilikuwa na kanuni ya wazi: faili yenye tagi zilizokosewa haikubaliki, na programu inayoisoma lazima iripoti kosa. HTML5, toleo la baadaye la HTML, ilichagua njia nyingine, ya kusamehe, lakini ikaeleza hatua kwa hatua jinsi kivinjari kinavyopaswa kuzinyoosha tagi zilizopishana, ili vivinjari vyote vitoe matokeo yaleyale. Kukataa kwa sauti ni sawa. Kusamehe kwa utaratibu unaojulikana ni sawa pia. Hawa wamechagua kunyamaza.

Jambo la pili linaloniuma ni mitindo. Programu haina mtindo wenye jina. Nikitaka kila jina la uwezo liwe zito, la bluu iliyokolea, pointi 8, lazima niandike tagi tatu kulizunguka kila neno, kwenye kila kadi. Nikiamua rangi ibadilike, naanza upya. Wazo la kutaja kitu ni nini badala ya kutaja kionekane vipi lilikuwa kiini cha GML, lugha ya mwanzo ya tagi ambayo Charles Goldfarb na wenzake waliianza kwenye kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1969. SGML, iliyotokana nayo, ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1986. CSS ya kwanza, yaani lugha ya kueleza mwonekano wa kurasa za wavuti, ni ya mwaka 1996, na HTML 4 ikaanza kuiaga tagi ya <font> mwaka mmoja baadaye kwa sababu hiihii: mapambo yaliyotawanywa ndani ya maandishi hayatunziki. Mimi sitaki CSS nzima. Nataka kuandika <uwezo>Ngao</uwezo> na sehemu moja tu ya kusema uwezo unaonekanaje. Basi.

Kuhusu saizi nitasema kidogo. Kadi ya kawaida ya mchezo ina milimita 63 kwa 88 hivi, na ukitoa ukingo wa usalama nafasi ya maandishi ni finyu. Herufi za pointi 8 zina mwili wa milimita 2.8, kwa hiyo huna pa kuchezea. Programu ina kipengele kizuri cha kupunguza herufi zitoshe, lakini ukiweka tagi ya saizi popote ndani ya kisanduku, kipengele hicho kinajizima kwa kisanduku kizima, na mstari wa mwisho unakatwa. Kimyakimya, kama kawaida yao.

Najua kuna atakayeniambia nihamie programu ya kuburuta na kubofya, niachane na tagi. Mkuu, hapana. Mtu mwenye kadi mia na zaidi zinazotoka kwenye lahajedwali hawezi kuzifungua moja moja na kubofya kitufe cha herufi nzito. Tagi ndiyo njia sahihi kwa kazi hii. Zinanakilika, zinatafutika, zinabadilishika kwa mkupuo mmoja. Nazitetea tagi, ndiyo maana nakasirika zinapofanyiwa uzembe namna hii.

Kwa walio kwenye shida hiihii, kuna njia ya kujikinga kidogo. Kwenye lahajedwali weka safu ya ukaguzi: chukua urefu wa maandishi ya seli, toa urefu wake baada ya kuondoa kila <b>, gawanya kwa 3, unapata idadi ya tagi zilizofunguliwa. Fanya vivyo hivyo kwa </b>, ila gawanya kwa 4. Namba zikitofautiana, seli hiyo ina kasoro. Kisha hesabu < zote na > zote. Zisipolingana, kuna alama ya hesabu imejificha humo. Alama za kunukuu zilizopinda zitafute na kuzibadilisha zote kabla ya kuhamisha faili. Haigundui tagi zilizopishana, lakini ile kanuni yangu ya juu ingenaswa.

Inauma kwamba fomula fupi ya lahajedwali inafanya kazi ambayo programu ya kulipia imeshindwa.

Nimewaandikia tena, safari hii nikiomba jambo moja: kabla ya kuchapisha, orodha ya kadi zenye tagi zisizoeleweka, na namba ya mstari wa kila moja. Hata ikiwa mbaya ya sura. Wamejibu kwamba hawajapokea malalamiko kama hayo kutoka kwa watumiaji wengine. Kwa hiyo mwenye kadi iliyomezwa maandishi aiweke hapa chini, maandishi ya asili na picha ya kilichotoka, nami nitawatumia kiungo cha uzi huu.