Drone yangu imezuiliwa Dar. Nihangaike na kibali au irudi Marekani? Ushauri tafadhali

Kijana wa Igogo
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, napenda sana picha za angani. Ni hobi tu, sifanyi biashara. Binamu yangu yuko Buffalo, Marekani, kanipatia DJI Mavic 4 Pro kwa bei ya kutupa. Sababu ni kwamba serikali ya kule imezipiga marufuku drone za nje na watu wanaziuza kwa hofu. Risiti ipo, kila kitu kipo.

Ikaletwa na mtu aliyekuwa anakuja likizo. Kutua Dar, mashine ya ukaguzi ikaiona. Kibali kiko wapi? Hakuna. Wakaibakiza, wakaandika karatasi.

Sasa naomba kujua: kwa kuwa Marekani wameipiga marufuku, si itakuja kujizima yenyewe siku moja? Na je, nihangaike na kibali au huyo mtu aondoke nayo anaporudi? Sipati usingizi wakuu. Matusi hapana.

Dagaa Mkavu
Nimeshavuta kigoda. Anayepita na karanga asinisahau.

Fundi Redio
Naanza na hilo la kujizima. Hakuna aliyezima drone ya mtu. Sheria yao ya bajeti ya ulinzi iliyosainiwa Desemba 2024 ilitoa mwaka mmoja DJI, kampuni ya China inayotengeneza hizo drone, ikaguliwe kiusalama, la sivyo iingie kwenye orodha ya vifaa vinavyokataliwa. DJI wenyewe walikuwa wanaomba hadharani wakaguliwe. Tarehe 22 Desemba 2025 FCC, wale wanaosimamia mawasiliano, wakaingiza kwenye orodha drone zote zinazotengenezwa nje ya Marekani pamoja na vipuri vyake muhimu. Sio DJI peke yake.

Maana yake modeli mpya haipewi idhini ya redio, na bila idhini haiingizwi wala haiuzwi. Zilizoidhinishwa zamani zinaruka kama kawaida. Wanaoumia ni wa hobi kama wewe, kwa sababu gimbal, ile shingo inayotuliza kamera, ikivunjika au betri ikivimba, mtu anaanza kujiuliza kipuri atakipata wapi na hadi lini. Ila wewe uko Igogo. Shenzhen hawajafunga kiwanda na Kariakoo haijahamishwa. Marufuku ya Marekani haikuhusu, kinachokukaba ni kibali cha hapa kwetu.

Wakili wa Mtaani
Fundi kamaliza upande wa kule. Upande wa huku kuna kanuni za 2018 za ndege zisizo na rubani. Unapita TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa usajili na kibali, na Wizara ya Ulinzi nao lazima waridhie. Hayo yote yanafanyika drone ikiwa bado iko kwa muuzaji. Wewe umeanzia mwisho. Na neno hobi halisaidii kitu, ya hobi na ya biashara zote zinaombewa.

Swali dogo tu: hiyo karatasi imeandikwa jina la nani?

Mzee wa Busisi
Mnanikumbusha 2018. Nilikuwa Ukerewe kwa shughuli zangu, tukaiona ndege ndogo nyeupe ina mabawa, inapaa wima kama helikopta halafu inalala kifudifudi na kukata maji. Ilikuwa ya DHL na Wajerumani, majaribio ya kuleta dawa. Kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi, wakati kwa barabara ni kilomita 240 na saa sita. Akina mama waliacha kuanika dagaa, wote macho juu. Mwaka huohuo kulikuwa na mkutano mkubwa wa drone hapa Mwanza, wazungu walijaa hoteli ya Malaika.

Siku hizi angalau daraja lipo, Kigongo mpaka Busisi unapita na kipindi cha redio hakijaisha. Vijana hamjui kukaa foleni ya kivuko na mgonjwa kwenye pikapu. Sasa najiuliza, mbona wale waliruhusiwa na kijana wetu anazuiwa?

Wakili wa Mtaani
Mzee, wale waliomba kwanza. Mleta mada, jina la nani?

Sengerema Damu
Pole sana mdogo wangu. Mimi niliwahi kukamatiwa nyavu za timba, zile haramu za kuvulia samaki. Mpya kabisa, hata majini hazijaingia. Nikajitetea kwamba mimi sivui, nazipeleka kwa mteja. Mkubwa mmoja akaniangalia akaniuliza, mteja wako anazitumia kuchujia chai? Zilichomwa nikiziona, na aliyenipa mtaji ni shemeji. Mpaka leo harusi za ukoo tunakaa meza tofauti. Nachotaka kusema, kama chombo hakijachomwa shukuru Mungu.

Dagaa Mkavu
Kuchujia chai 😂😂

Capri Lens
Tuseme imetoka. Unajua utairushia wapi? Saanane ni hifadhi ya taifa, ukirusha bila ruhusa ya TANAPA unatafuta kesi nyingine. Pasiansi, Bwiru na Ilemela ndege zinashukia kichwani mwako. Mwaloni, pale soko la samaki, ndio usijaribu kabisa. Mwewe wa pale wamezoea kunyang'anyana utumbo wa samaki, wakiona kitu kinaning'inia angani wanajua ni sangara. Yangu ilipigwa kikumbo mbele ya bwana harusi, ikashuka inazunguka mpaka ikazama mita chache kutoka kwenye mawe. Mpiga mbizi wa mtaani aliopoa fremu, kadi ya kumbukumbu haikuonekana. Bibi harusi alilia kuliko mimi.

MamaKulwa
Nimesoma uzi wote, yule anayeulizwa jina anapita pembeni kama hajaona. Mwanangu, huyo "mtu aliyekuwa anakuja likizo" ni nani yako?

Kijana wa Igogo
Nimeona mkuu, nilikuwa kazini. Ni ndugu tu. Karatasi ina jina lake kwa sababu ndiye aliyekuwa na begi.

MamaKulwa
Ndugu yupi?

Kijana wa Igogo
Mama mdogo. Yuko Magu kwa bibi, anaondoka wiki ijayo.

Wakili wa Mtaani
Na yeye anasemaje kuhusu hiyo karatasi?

Kijana wa Igogo
Sawa niseme tu. Mama mdogo hakujua kama ni drone. Binamu alimwambia ni kamera, na mimi kwenye simu nikasema kamera. Sikuona kama ni uongo, maana kamera si imo? Drone ni kamera yenye propela. Ningesema drone angekataa, nyie hamjui wazee walivyo. Pale Dar walipomtolea alishtuka, wakamhoji muda mrefu, akaweka sahihi, akatoka. Mimi nilimwambia ni utaratibu wa kawaida.

MamaKulwa
Astaghfirullah. Mama wa watu katoka ng'ambo kumsalimia mama yake, umembebesha kitu asichokijua kupita nchi za watu. Leo ni drone. Kesho mwingine atabebeshwa kitu cha kufungwa maisha. Ningekuwa mama yako mzazi usingekula kwangu.

Sengerema Damu
Shemeji yangu kumbe alikuwa na nafuu.

Kijana wa Igogo
Mama nimekuelewa, ila yameshatokea. Hata hivyo nimeshaanza kulishughulikia. Kuna jamaa ana uzoefu wa kutoa mizigo, kasema kwa laki sita inatoka bila maneno mengi. Nimemtumia laki tatu. Nachouliza ni kama nimalizie au nisubiri.

Wakili wa Mtaani
Sasa umekuja kuomba ushauri au kutafuta wa kukubariki? Nani amekuambia kuna mtu anaweza kutoa mzigo wenye jina la abiria, bila abiria na bila kibali? Hiyo laki tatu isomee dua.

Kijana wa Igogo
Mkuu huyu sio tapeli. Aliwahi kumtolea rafiki yangu tivii.

Dagaa Mkavu
Tivii hairuki.

Fundi Redio
Jamani nisameheni, nilikuwa narudia post ya kwanza. Kuna kitu hakikai sawa. Mavic 4 Pro ilitoka Mei 2025. Kwa jinsi mizigo yao ilivyokuwa inakwama forodhani Marekani, DJI hawakuizindua rasmi kule kabisa. Ulaya iliuzwa, Kanada iliuzwa, Marekani hapana. Sasa binamu wa Buffalo ana risiti ya duka gani?

La pili, betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi linaloenda tumboni mwa ndege. Abiria anazibeba mkononi. Mama mdogo alishika betri za drone kutoka Marekani mpaka Dar na hakujua?

Dagaa Mkavu
CHAI. Tena ya rangi, sukari vijiko vinne.

Capri Lens
Nilihisi. "Bei ya kutupa" kwa Mavic 4 Pro? Hiyo iliyotumika tu inanunua pikipiki na kofia yake.

Mzee wa Busisi
Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumhurumia. Watoto wa siku hizi wanatunga mpaka bibi wa Magu.

Sengerema Damu
Huyu ndiye yule jamaa wa kutoa mizigo mwenyewe, anatafuta wateja humu. Mods fungeni uzi.

Kijana wa Igogo
Sio chai wakuu. Nimepiga picha karatasi, nimeziba jina. Angalieni. Ni nakala ya kaboni, maandishi yamefifia, lakini kwenye sehemu ya maelezo inasomeka "drone 1, betri 3, rimoti 1". Kwenye pembe kuna alama ya chini ya kikombe, hiyo ni yangu.

Kuhusu risiti, ni ya Kanada. Buffalo ukivuka daraja uko Kanada. Sio drone ya binamu iliyotumika. Nilimtumia hela akaninunulia mpya kule. Bei ya kutupa nilisema ili watu wasianze kuniuliza hela nimetoa wapi. Betri alibeba mkononi kweli, binamu alimwambia ni za kamera.

Fundi Redio
Hapo sawa. Kanada inaingia akilini. Nakurudishia nusu ya imani.

Wakili wa Mtaani
Basi sikiliza, maana sasa tunajua ulichonacho. Kuirudisha na mama mdogo ni kumtwisha mzigo mara ya pili, na huko anakokwenda forodha nao watamuuliza. Risiti mpya inayoonyesha bei itunze, utadaiwa ushuru na usiposema bei utakadiriwa. Anza maombi TCAA kwa jina lako kama mmiliki na uulize maombi ya Wizara ya Ulinzi yanapitia wapi. Na kabla mama hajapanda ndege, aandike barua ya kukukabidhi huo mzigo, asaini, mkaigonge muhuri kwa wakili. Akishaondoka, kila sahihi itabidi uifuate Buffalo. Inawezekana wakakataa hata hivyo. Jiandae na hilo.

Kijana wa Igogo
Barua nitaandika mimi halafu asaini tu, si inatosha? Asisome yote.

MamaKulwa
Asome. Tena umsomee wewe kwa sauti, bibi akiwa pembeni.

Kijana wa Igogo
Haya. Kesho asubuhi napanda daladala ya Magu. Ila jamaa wa laki tatu tangu mchana hapokei simu. Nimpigie kwa namba nyingine?

Dagaa Mkavu
Nitumie inbox namba yake, mkuu. Kuna mtu alinichukulia hela ya kutoa bodaboda Sirari, na yeye simu yake mchana huwa haipokelewi.