Benki wamenikatalia kupunguza OD (overdraft) kidogo kidogo, eti nilipe yote au nibaki nayo yote

Wakuu, salaam. Nina hasira, mnivumilie nikiandika kwa urefu. Wale wa "fupisha mkuu" pitilizeni tu, uzi huu si wenu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbeya. Saruji, nondo, mabati, misumari, rangi, mabomba. Benki siitaji jina, kwa sababu hati ya nyumba yangu imelala kwenye kabati lao na mke wangu aliweka saini ya ridhaa kama Sheria ya Ardhi inavyotaka. Mjue tu ni benki kubwa, ina tawi karibu kila mkoa, na matangazo yao ya redioni yamejaa maneno ya "tunakua pamoja".

Kwao nina OD ya milioni 20 kwa riba ya 18% kwa mwaka.

Kwa ambao hawajawahi kuishika: OD si mkopo wa marejesho. Hakuna pesa unayokabidhiwa. Unaruhusiwa tu akaunti yako ya biashara iende hasi mpaka ukomo fulani. Ukitumia milioni 5, riba inahesabiwa kwenye hiyo 5, siku kwa siku, halafu inakatwa mara moja mwisho wa mwezi. Ukiingiza mauzo deni linashuka palepale, ukilipa mzigo linapanda. Kwa duka ambalo mzigo unatoka haraka ni kitu kizuri, sitaki kusema uongo. Lori la saruji linashuka Jumatatu, mpaka wiki inayofuata limeshalipa lenyewe.

Shida ni kwamba huku kwetu ujenzi una msimu. Watu wa mpunga Mbarali, watu wa kahawa Mbozi, wa viazi huku juu, wakishauza mazao ndipo wanafyatua matofali na kuezeka. Kuanzia Juni dukani hapakaliki. Ikifika Desemba mvua imeshika, barabara za vijijini hazipitiki, fundi amerudi shambani kwake. Mauzo yanalala, lakini kodi ya fremu hailali, vijana wa dukani wanataka mshahara, na TRA wana awamu zao nne za mwaka. Vyote hivyo vinatoka kwenye akaunti ileile. Matokeo yake OD inaganda juu kabisa, milioni 20 kasoro chenji, na pale inakaa.

Na ikikaa pale, kila siku inayopambazuka, nimeuza au sijauza, ni shilingi 9,863. Jumapili zimo. Idd na Krismasi zimo. Kwa mwezi ni karibu laki tatu, kwa mwaka milioni 3.6, na deni lenyewe halijapungua hata shilingi moja, kwa kuwa hiyo ni riba tupu.

Nikakaa na mke wangu tukapiga hesabu. Tukasema hii kitu tuiue polepole, bila kuua duka. Nikaandika barua rasmi kwa meneja wa tawi. Ombi langu lilikuwa hili: ukomo wa OD ushushwe kila mwezi. Juni mpaka Novemba ushuke milioni 1.2 kila mwezi, Desemba mpaka Mei ushuke laki nne nne. Mwaka mmoja zinakuwa milioni 9.6, miaka miwili milioni 19.2, inabaki laki nane ambayo naimaliza hata kesho. Mfumo wao wenyewe ungenibana: ukomo ukishuka nisingeweza kuirudia ile pesa hata kama mkono unawasha. Sikuomba wanisamehe riba wala ada. Niliomba ratiba ya kuwalipa hela yao.

Jibu? Kwanza kimya. Nikaenda tawini, afisa mikopo wangu amehamishwa. Mpya hana faili. Faili lipo kanda. Kanda wanasema ni suala la tawi. Mwishowe nikaitwa, nikapewa kahawa (hiyo kahawa nayo ukiifuatilia utaikuta kwenye makato), nikaambiwa kwa upole kabisa: "Mzee, bidhaa yetu haina hicho kitu. OD inahuishwa yote kila mwaka au inafungwa yote. Ukitaka kuifunga, leta milioni 20."

Yaani mtu anakuja na mguu wake kusema nataka kuwalipa, nyinyi mnamwambia bidhaa haina hicho kitu.

Na msiniambie haiwezekani kitaalamu. OD ya ukomo unaoshuka ipo, mabenki yanaifanya, nina jirani mwenye biashara ya pembejeo aliandikiwa hivyo kwenye barua yake ya ofa na benki nyingine. Ni tarakimu tu kwenye mfumo, mtu anaibadilisha kila mwezi. Wasiloweza ni kuipenda. Nikibaki na milioni 20 zilizoganda, kwa miaka miwili wanapata kwangu riba ya milioni 7.2. Kwa ratiba yangu wangepata kama milioni 3.5. Tofauti ni milioni 3.7 na ushee, na hapo sijagusa ada. Sasa niambieni afisa gani mwenye malengo ya kufikia atapiga mbio kushughulikia barua yangu.

Ada sasa. Kila mwaka OD inahuishwa. Kwangu ni 1.5% ya ukomo mzima, yaani laki tatu, weka VAT ya 18% juu yake, 354,000. Zingatieni: ya ukomo mzima, siyo ya kiasi ulichotumia. Hata mwaka ambao nimejikaza nimeishusha nusu, ada ni ileile. Juu yake kuna tathmini mpya ya nyumba ambayo haijahama wala kuota ghorofa, na mthamini ni wa kwenye orodha yao, lakini anayemlipa ni wewe.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni kingine. Nimesema riba inakatwa mwisho wa mwezi. Sasa akaunti ikiwa imeshakaribia ukomo, ile riba yao yenyewe, waliyoikata wao, kwa mkono wao, inaisukuma akaunti inavuka milioni 20. Mimi sijatoa hata mia. Asubuhi nakuta ujumbe: umevuka ukomo. Na kuvuka ukomo kuna adhabu: riba ya ziada kwenye kile kilichovuka, na tozo juu. Nikauliza, jamani, aliyevuka hapa ni nani? Nikaambiwa "mfumo ndivyo unavyosoma". Huo mfumo nani aliuandika, malaika?

Mwezi huohuo, sikilizeni hii, nikapokea ujumbe mwingine kwenye simu: "Hongera! Biashara yako inastahili kuongezewa ukomo wa OD hadi milioni 28. Fika tawi lililo karibu nawe." Kushuka, bidhaa haina. Kupanda, ipo tayari, hata barua sijaandika.

Halafu kuna hili la riba. Benki Kuu ilianza kutumia riba yake ya kisera (ile inayoelekeza riba nyingine sokoni) Januari 2024 ikiwa 5.5%, Aprili mwaka huo ikapanda hadi 6%, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75%. Najua robo asilimia si kitu cha kuchinjia mbuzi, na najua riba ya Benki Kuu haishuki moja kwa moja mpaka dukani kwangu. Ila wastani wa riba za mikopo nchini, kwa taarifa za Benki Kuu yenyewe, unazunguka kwenye 15%. Mimi mwenye nyumba nzima kama dhamana, ambaye sijawahi kuitwa mdaiwa sugu, nipo 18. Nikauliza kwa nini. "Hiyo ni kwa wateja wa majadiliano, mzee." Nikasema basi tujadiliane. Akacheka. Kweli tena, akacheka.

Wakanipa njia moja tu mbadala: igeuzwe yote kuwa mkopo wa miaka mitatu wenye rejesho la kila mwezi linalofanana. Juu juu inasikika vizuri, wengi hapa mtaniambia chukua. Isomeni vizuri barua yao ya ofa. Kuna ada mpya ya kuandaa mkopo, bima mpya, gharama za mwanasheria kusajili upya dhamana, na kuna adhabu ukimaliza mapema. Rejesho ni sawa Julai na sawa Februari. Februari mimi nauza misumari na balbu! Nikishindwa miezi mitatu mfululizo ya mvua naanza kuitwa mkopo chechefu, jina langu linakwenda kwenye taarifa za mikopo, halafu inakuja notisi ya siku 60 kwenye nyumba. Ndiyo maana niliomba ratiba inayofuata msimu.

Nakubali sehemu yake tu: ile iliyoganda, tuseme milioni 12, iwe mkopo wa marejesho ya msimu, na 8 ibaki OD ya kuzungushia mzigo. Hilo nalo nimeliandika. Hilo nalo liko kanda.

Wanaojua kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019, naomba mje hapa. Najua kwamba lazima nianze na malalamiko kwa benki yenyewe kabla ya kwenda dawati la malalamiko la Benki Kuu. Nimeshapeleka kwa maandishi, nakala yangu ina mhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakuu mkilalamika msiende kwa mdomo, kwa mdomo hubaki na ushahidi. Ninachotaka kujua: kuna mtu dawati liliwahi kumsaidia kurudishiwa ile adhabu ya kuvuka ukomo iliyosababishwa na riba yao wenyewe? Kwangu hiyo ndiyo dai la wazi kuliko yote, maana sioni mahali kwenye barua yangu ya ofa walipoandika kwamba riba yao itanitoza adhabu.

Na mwenye benki iliyokubali kumwandikia ukomo unaoshuka, aseme masharti: walitoza ada kwa kila hatua, au ya mara moja? Nipo tayari kuhama, ila kuhamisha dhamana kutoka benki hadi benki nako ni gharama, nataka nijue naingia wapi.

NYONGEZA: Naona mnaoniambia "si uweke tu hela usiitoe, deni litashuka lenyewe". Mkuu, nimejaribu. Kiangazi kilichopita niliishusha vizuri tu. Januari ikaja, ada za shule zikaja, kodi ya fremu ya miezi sita ikaja, na ukomo uko wazi milioni 20 unanitazama. Mwenye duka mwenye mzigo wa kulipia na pesa iko pale hawezi kumwambia msambazaji asubiri mpaka Juni. Ndiyo maana nataka mlango ufungwe nyuma yangu kila ninapopiga hatua. Ningekuwa na moyo wa chuma nisingeandika barua benki.

Na wewe unayesema niuze kiwanja nilipe yote: kiwanja kipi, nimekwambia nina kiwanja?

@wote mliouliza PM: benki ya jirani yangu siitaji hapa mpaka aniruhusu. Nimemtumia ujumbe, akijibu nitaweka.