Video moja inabanwa mara tatu: nibaki Kafka au nihamie RabbitMQ?

mbana_video:
Wakuu, heshima kwenu. Nina mfumo wa kubana video. Mtumiaji akipandisha faili, ujumbe unaingia kwenye broka (programu ya kupokea na kugawa jumbe, kama Kafka), kisha moja ya seva zangu nne inauchukua na kuanza kazi. Kwa siku ni kama video 900, basi. Fupi zinaisha kwa sekunde, ndefu zinafika dakika 12.

Nilichukua Kafka kwa sababu kila niliyemuuliza aliisifia. Sasa zile ndefu zinabanwa mara mbili, hata tatu, seva mbili zikihangaika na faili lilelile. Jana nimekesha na logi mpaka saa nane: kila baada ya dakika 5 hivi, kundi la wapokeaji (programu za seva zangu zinazosoma jumbe) linajipanga upya. Nihamie broka nyingine, RabbitMQ au Redis Streams, au kosa ni langu?

foleni_ndefu:
Mkuu, hizo dakika 5 ndizo jibu lenyewe. Angalia max.poll.interval.ms, usipoigusa ni milisekunde 300000, yaani dakika 5. Mpokeaji asiporudi kuomba ujumbe mwingine ndani ya muda huo, Kafka inamhesabu amekwama. Kipande chake cha mada (partition, sehemu ya foleni aliyokabidhiwa) anapewa mwenzake, naye anaanzia palipothibitishwa mara ya mwisho kuwa kazi imekwisha. Yaani video ileile.

Ukiongeza muda utapumua, ila ndani ya kundi moja kipande kimoja kinasomwa na mpokeaji mmoja tu. Video ya dakika 12 ikitangulia, zilizo nyuma yake zinasubiri hata kama seva ya jirani imekaa bure. Hili lilinitesa miezi miwili kwenye kazi ya kutengeneza ripoti, nikiongeza vipande kila wiki nikidhani ni vichache.

Kafka ni daftari: ujumbe ukishasomwa unabaki, siku 7 usipobadilisha kitu, na mwingine anaweza kuja kuusoma tangu mwanzo. Kwa historia ya matukio naipenda mno. Lakini wewe una kazi za kugawa, na kwenye RabbitMQ kila ujumbe unathibitishwa peke yake. Weka prefetch (idadi ya jumbe ambazo seva inapewa kabla ya kuthibitisha) iwe 1, na uthibitishe baada ya faili kuhifadhiwa, kamwe si kabla. Nako kuna kikomo cha kuthibitisha, dakika 30, kwako zinatosha.

kodi_na_chaki:
Kama Redis unayo tayari, Streams nazo zina makundi na uthibitisho. Mimi natumia kwa arifa na sijajuta.

foleni_ndefu:
Kwa arifa sawa kabisa. Ila Redis ukiiweka iandike diskini kila sekunde, seva ikizima ghafla unaweza kupoteza jumbe za sekunde hiyo, na hapa kuna mtu anasubiri video yake. Halafu @mbana_video, broka yoyote utakayochukua, ujumbe unaweza kuja mara mbili. Kabla ya kubana, kagua kama tokeo lipo tayari.

mbana_video:
Nimejaribu leo. RabbitMQ kwenye seva ya majaribio, video ya dakika 11, na katikati ya kazi nikaiua programu kwa kill -9. Seva ya pili ikaupokea ujumbe papo hapo, ukiwa na alama ya redelivered (umetumwa tena). Tokeo moja tu. Nimefurahi sana, wakuu!

foleni_ndefu:
Safi. Sasa rudia kwa kuchomoa waya wa mtandao. Hapo haitakuwa papo hapo, maana broka inasubiri mapigo ya moyo (ishara fupi za kuonyesha muunganisho bado u hai) yakatike, na muda wake wa kawaida ni sekunde 60. Ikipita na hiyo, hamisha.