Naomba ushauri: breki za Impreza zinalegea zikipata moto

Habari zenu wakuu. Niko Arusha, naandaa Subaru Impreza ya turbo, injini EJ20, kwa rali za ridhaa. Fremu ya mabomba ya kutulinda gari likipinduka, na mikanda, tayari. Shida ni breki: nikishuka kwa kasi, baada ya dakika 10 hivi pedali inazama, gari likipoa inarudi sawa. Nimebadilisha pedi, nimetoa upepo kwenye mabomba ya breki mara mbili, hakuna panapovuja. Oili ya breki iliyomo ni ya zamani, ya daraja la DOT 3, ambayo ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Naogopa kweli, pembeni yangu anakaa msoma ramani.

Je, DOT 4 mpya itatosha, au nihamie kalipa (vile vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) za pistoni 4? Na rimu zangu za inchi 15 zitazipokea?